Mashine Haiendi Lanchi

Nilitoka Sultan Hamud Jumamosi asubuhi kwenda Ikutha kwa sababu ya pampu ya kijiji iliyokuwa ikizimika kila mchana. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mke wangu, na ndivyo nilivyowaambia majirani wa karakana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwenda kuthibitisha maneno niliyokuwa nimekwisha kuyasema.

Kazi yangu ni kufunga pampu za visima na kuzitengeneza. Siku hizi mota ya pampu haiwashwi kwa swichi tu. Kati ya paneli za sola na mota kuna kisanduku tunachokiita draivu, nacho ndicho kinachoiamuru mota izunguke kwa kasi au polepole kulingana na jua. Draivu nayo husikiliza kisanduku kingine kidogo kilichofungwa pale kisimani, kinachopima maji yaliyobaki. Viwili hivyo huzungumza kupitia waya mwembamba. Draivu ikikaa kidogo bila kusikia sauti ya mwenzake, huizima mota, isije ikazunguka kwenye kisima kikavu ikaungua. Anayeelewa hilo ameelewa habari yote ya mitambo iliyomo katika safari hii.

Pampu yenyewe niliifunga mimi, miezi michache tu kabla. Siku chache kabla ya safari, Mzee Kilonzo, mwenyekiti wa kamati ya maji, alinipigia simu. Walikuwa wamekutana kanisani, watu wazima na watoto.

"Fundi, nimekuweka kwa spika, watu wote wanakusikia," alisema. "Hii pampu inazima kila siku saa sita, halafu saa tisa hivi inafanya tena. Mama Mwende anasema inajizima yenyewe. Hiyo kitu inawezekana?"

Mama Mwende ni Kamene, mama aliyechaguliwa na kijiji kushika ufunguo wa nyumba ya pampu. Nilimkumbuka vizuri, mwembamba, mpole, anayeuliza jambo mara moja tu. Ningeweza kumuuliza Mzee kioo cha draivu kinaonyesha nini. Ningeweza kusema sijui. Lakini karakanani palikuwa na wateja wananisikiliza, na ulimi hauna mfupa.

"Mzee," nikasema, "mashine haiendi lanchi. Anayeenda lanchi ni mtu."

Kicheko kilichotoka kwenye ile simu, wateja wangu pia wakakisikia, wakacheka nao. Nilifurahi, nisidanganye. Nilirudia maneno hayo nyumbani wakati wa chakula cha jioni. Kule Ikutha, Kamene alinyang'anywa ufunguo kabla watu hawajatoka kanisani.

Barabara ya Mombasa ilikuwa na malori mengi asubuhi ile. Nilipita Emali, nikanunua machungwa Makindu, na nilipofika Kibwezi nikaiacha barabara kuu, nikashika kushoto ile ya kwenda Kitui. Hapo malori huisha ghafla, ukabaki wewe na mbuzi. Ardhi ilikuwa nyekundu na kavu, na kila baada ya mwendo kidogo nilipita punda wawili watatu waliobebeshwa madumu matupu. Nilivuka mto Athi nikipiga mluzi. Nilikuwa na yakini kwamba ningekuta kila kitu kizima, nionyeshe kamati kwamba pampu haina kosa, nile, nirudi.

Ikutha sokoni nilisimama dukani kununua maji ya kunywa. Mwenye duka, jamaa mchangamfu aliyehamia hapo kutoka Murang'a, aliona sanduku langu la vifaa kwenye gari.

"Wewe ndio fundi wa ile pampu ya Mama Lanchi?" akaniuliza.

"Mama nani?"

"Si yule mama alikuwa anafunga maji ya watu aende kukula! Hapa watoto wote wanamwita hivyo. Hata msichana wake huko shule wanamwita Lanchi." Akacheka, akanirudishia chenji.

Mimi nilicheka pia. Nilicheka kwa sababu yeye alicheka, na pia kwa sababu nilitambua kazi ya ulimi wangu. Nilipoingia kwenye gari sikucheka tena, ila nilijiambia kwamba kama ni mkosaji, basi na avumilie.

Nilifika kwenye mradi alasiri. Mzee Kilonzo alinipokea kwa mikono miwili, akaniongoza kwenye nyumba ya pampu akifungua mlango kwa ufunguo uliokuwa sasa umefungwa kwenye mnyororo wa saa yake. Pampu ilikuwa inafanya kazi.

"Ilizima leo?" nikauliza.

"Ilizima."

"Na ufunguo ulikuwa nao wewe?"

Mzee alikunja uso. "Mimi nilikuwa nimeenda matanga. Nilikuwa nimeachia kijana wa kanisa. Sasa siwezi sema kabisa."

Kama ningekuwa na akili timamu siku ile, hapo ningeketi nifikiri. Badala yake nilisogelea draivu, nikatazama orodha ya makosa kwenye kioo chake. Kosa lilikuwa moja tu, limejirudia juu mpaka chini: mawasiliano yamekatika. Halikuwepo hata mara moja lile la mtu kuzima kwa mkono.

Nilijua maana yake papo hapo: Kamene hakuizima. Nikafungua draivu, nikapitia skrubu zinazobana ule waya mwembamba, na moja nikaikuta imelegea kidogo. Nikaikaza. Nikasubiri. Jua lilikuwa limeshuka, mota inazunguka polepole, na mawasiliano yakawa safi kama maji ya chupa.

"Ni skrubu," nikamwambia Mzee. "Ilikuwa imelegea."

"Eeh. Na nani aliilegeza?"

Jibu la haki lilikuwa fupi: hakuna, Mzee, skrubu hulegea zenyewe. Nami sikulitoa. Niliinua mabega, nikawa nafuta mikono kwa kitambaa. Mzee alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyejibiwa. Kuhusu yale mabega yangu ninaona aibu zaidi kuliko hata ule utani wa simu, maana utani uliniponyoka, mabega niliyainua nikijua.

Jumapili niliombwa nisiondoke kabla ya ibada. Ukambani fundi aliyeleta maji haondoki hivi hivi kama muuza mitumba. Mchungaji aliniita mbele, akanishika bega, kanisa zima likanipigia makofi, na akina mama wakaimba. Kisha akatangaza kwamba baada ya ibada kila mtu apite kwenye bomba na dumu lake, maji yapo ya kutosha. Kamene alikuwa benchi la nyuma kabisa. Kando yake aliketi msichana wa umri wa darasa la saba hivi, nafasi ya mtu mmoja ikiwa wazi kati yao. Msichana yule alinitazama muda wote kwa heshima nyingi. Mama yake alitazama sakafu.

Ibada ilikwisha jua likiwa utosini. Watu walipanga madumu foleni ndefu, na dumu la kwanza likajaa, na la pili, na la tatu. La nne lilipofika nusu, bomba likakohoa, likanyamaza.

Kijiji kizima kilikuwa pale. Mzee Kilonzo alikuwa pale na ufunguo ukining'inia mkononi. Kamene alikuwa pale, wa mwisho kwenye foleni, dumu lake tupu likiwa kichwani. Nyumba ya pampu ilikuwa imefungwa kwa kufuli, kila mtu akiiona.

Ndipo mwanaume mmoja akasema kwa sauti, "Imeenda lanchi!"

Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikatika katikati. Niliona vichwa vikigeuka kumtazama Kamene, kisha, kimoja kimoja, vikigeuka kunitazama mimi. Nilimwomba Mzee ufunguo, nikaenda peke yangu.

Nilichokifanya mchana ule ndicho nilichopaswa kukifanya siku ya kwanza. Niliisimamisha mota kabisa, nikaacha draivu na kile kisanduku cha kisimani vizungumze tu. Vilielewana bila kosa hata moja. Nikaizungusha mota polepole, vikaelewana. Nikapandisha spidi kidogo, makosa mawili matatu yakaanza kuonekana. Nikapandisha hadi ile spidi ya jua kali, makosa yakamiminika, na mota ikazima. Nikarudia tena nikiomba jibu libadilike. Halikubadilika. Waya mnene unaopeleka umeme kwa mota hupiga kelele, si kelele za sikio bali za umeme, na kadiri mota inavyokazana ndivyo kelele zinavyozidi. Waya mwembamba ukilala kando yake, hausikii kingine. Ndiyo maana asubuhi na jioni mambo yalikuwa shwari, na mchana, jua likiwa kali na mota ikienda mbio, mazungumzo yakakatika.

Na ule mwembamba ulikuwa umelala kando ya mnene kwa sababu mimi ndiye niliyeulaza hapo.

Niliikumbuka siku yenyewe. Mtaro wa kutoka nyumba ya pampu hadi kisimani ulichimbwa kwa mwethya, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu wake na jembe lake. Akina mama walichimba tangu alfajiri, chini ni mwamba, huku wakiimba. Mchoro ulitaka mitaro miwili iliyoachana, kila waya na wake. Walipomaliza wa kwanza, mikono ya mama mmoja ilikuwa inatoka damu. Nikawaambia, "Mmetosha, akina mama. Mtaro mmoja unatosha." Walinipigia vigelegele, wakaniita mũndũ mũseo, mtu mwema, wakanipa na kuku. Huruma ilikuwepo, sikatai. Lakini pia nilitaka kulala kwangu Sultan Hamud usiku ule, na nilimleta yule kuku nyumbani nikijisifu.

Jioni nilimweleza Mzee Kilonzo yote, nyumbani kwake, tukiwa wawili. Alisikiliza hadi mwisho.

"Basi, imejulikana," akasema. "Wewe enda ulete waya. Mimi nitaitisha mwethya, mtaro wa pili uchimbwe. Mama Mwende nitamrudishia ufunguo pole pole. Mambo iishe."

"Watu wataambiwa nini, Mzee?"

"Wataambiwa mashine ilikuwa mgonjwa. Wewe ni mgeni wetu, hatuwezi kukuaibisha."

Nililala nikiwa na nafuu kubwa, na asubuhi nikaionea aibu nafuu hiyo.

Jumatatu nilikwenda Kitui mjini, kupitia Mutomo, kuchukua waya mpya niliouagiza kutoka Nairobi, maana ule wa zamani ulikuwa umebanwa chini ya mawe na usingetoka mzima. Kifurushi kilichelewa. Nikakaa nje ya ofisi ya vifurushi nikitazama watu wanavyoingia na kutoka kwenye ofisi za kaunti, na kila mtu niliyemwona alionekana kwangu kama mtu asiye na deni la maneno. Nilijaribu kuandaa ninachokwenda kusema. Kila sentensi niliyoitunga ilianza na jua, au mwamba, au kampuni iliyotengeneza draivu. Hakuna iliyoanza na mimi.

Niliporudi Jumanne asubuhi mwethya ulikuwa umekwisha kuanza. Niliwasikia kabla sijawaona. Niliposhuka garini na bunda la waya begani, mtu wa kwanza kwenye mstari, aliyekuwa ameinama akichokoa jiwe kwa mtaimbo, alikuwa Kamene.

Sijui nilitarajia nini. Mwethya hauna aliyekasirika wala aliyesingiziwa; nyumba yake ilihitajika kutoa mtu, naye alikuwa ndiye mtu wa nyumba yake. Alikuwa anachimbia mashine iliyompotezea jina, kwa sababu ya kazi niliyoiharibu mimi. Aliinua kichwa, akanisalimu kama kawaida, "Wĩ mũseo, fundi?" akaendelea na jiwe lake.

Nikaweka waya chini. "Akina mama," nikasema, "ngojeni kidogo."

Mzee Kilonzo alinitazama kwa onyo. Nikaendelea, na sikusema vizuri. Nilisema kwamba mtaro huu ulipaswa kuchimbwa siku ile ya kwanza. Kwamba mchoro ulikuwa nao mimi, wao hawakuwa na kosa, na Mama Mwende hakuwahi kuizima pampu hata siku moja. Kwamba yale ya lanchi niliyasema bila kujua lolote, nikitaka kuchekesha watu. Nilimalizia nikitazama viatu vyangu.

Mama mmoja mnene, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa mtaro, akasema, "Kwa hivyo ile kuku tulikupea ulikula ya bure."

Walicheka wote, na Mzee akacheka, na kwa desturi ya watu wale nikajua nimesamehewa. Hawapendi kumwacha mtu asimame na aibu yake muda mrefu. Kamene peke yake hakucheka. Alijifuta mikono kwenye leso, akaja hadi nilipokuwa.

"Asante kwa kusema," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini siku ile ya simu Mwende alikuwa hapo kanisani. Leo hayuko, ako shule."

"Nitamwambia."

"Wanatoka saa kumi."

Nilichukua mtaimbo, nikachimba nao hadi mikono ikatoka malengelenge. Waya ulilazwa adhuhuri, mbali na ule mnene kwa hatua kadhaa. Tuliufukia kwa udongo laini, na jua likiwa bado kali nikapandisha mota hadi mwisho. Kioo hakikuonyesha kosa hata moja. Siku nyingine ningepiga picha nimtumie kila mtu.

Saa kumi nilikuwa nimesimama nje ya lango la shule, Kamene kando yangu. Watoto walitoka kwa kelele, na mmoja alipomwona akapiga ukelele, "Mama Lanchi!" na wengine wakaitikia. Kamene hakugeuka. Mwende alipotuona alipunguza mwendo, akaja, akanipa mkono wa adabu. Lakini yeye hakumsalimu mama yake.

Nikamweleza. Nilitumia maneno ya kitoto mwanzoni, kisha nikaona ananitazama kama mtu mzima, nikaacha. Nikamwambia kwamba mama yake alisema kweli na mimi nilisema uongo.

"Lakini wewe ni fundi," akasema.

"Ndiyo."

"Ulisema kwa simu. Wote tulisikia." Akashika mkanda wa begi lake kwa mikono miwili. "Mimi nilimwambia mum akubali tu aombe msamaha. Nilimwambia anatuaibisha. Mimi niliamini wewe."

Nilisema pole, nikasema tena pole. Msichana akavuta begi lake begani, akaanza kutembea kwenda nyumbani haraka, bila kututazama. Kamene alimfuata kwa nyuma, hakumwita, hakukimbia. Nilibaki langoni na wale watoto wengine, ambao walikuwa wakiniuliza kama ni kweli gari lile ni langu.

Jumatano nilisubiri hadi mchana upite, pampu ikazunguka mfululizo bila kukohoa, ndipo nikaaga. Mzee alinipa maembe makavu na asali. Nilikataa, akaniwekea garini kwa nguvu. Kamene alikuwa amekwisha kurudishiwa ufunguo mbele ya kamati. Njia yote, kuvuka Athi hadi Kibwezi na kuendelea, sikuwasha redio. Nilifika Sultan Hamud giza likiingia, na mke wangu aliponiuliza safari ilikuwaje nilimsimulia habari za waya.

Nilichojifunza kuhusu draivu kinaweza kuandikwa kwenye kiganja. Usijaribu mota ikiwa imelala ukadhani umeijaribu, ijaribu inapokimbia. Tenganisha nyaya, hata kama mwamba ni mgumu na waimbaji ni wazuri. Soma kioo kabla hujasoma nyuso za watu. Haya ninawaambia mafundi wenzangu bure, na wanayashika. Funzo la pili ni gumu kulisema. Neno la fundi kijijini huaminiwa kuliko neno la mama wa nyumba, na mimi nilijua hivyo siku zote. Ndiyo maana lilikuwa tamu kulisema.

Wiki mbili baadaye Kamene alinipigia simu mwenyewe, akiwa nyumba ya pampu. Alitaka kujua kama ni sawa kupangusa vumbi kwenye kisanduku mashine ikiwa inafanya kazi. Nikamwambia atumie kitambaa kikavu. Nikamuuliza maji yanaendeleaje, akasema vizuri, tangu siku ile haijazima. Nikamuuliza kama watoto wameacha kumwita lile jina.

"Bado," akasema. "Wataacha wakichoka."

"Na Mwende?"

Nikasikia mota ikiunguruma nyuma yake.

"Jana alikuja hapa kutoka shule. Akasimama mlangoni. Nilimwambia aingie, akasema ataningojea tu nje."

Nikamuuliza spidi ni ngapi sasa hivi, naye akanisomea.